Kimya cha Tangi la Tano

Jumatatu, 30 Septemba. Baraka

Nimenunua daftari hili ili niache kula kucha. Mama anasema nikiendelea hivi nitafika kwenye viwiko. Mvua ya kwanza imenyesha leo asubuhi, na mvua ndiyo inayonitia wasiwasi, basi acha niuandike huo wasiwasi wenyewe.

Shirika letu la maji lina matangi sita: mawili Nundu, moja Mboko, matatu ng'ambo ya ziwa, kwenye rasi ya Ubwari. Kila tangi lina mlinzi anayetia klorini, na mwezi huu kila tangi limeletewa kisanduku chenye kipimo cha kuonja maji na kutuambia kama klorini iliyobaki inatosha. Ikishuka, tunapeleka madumu ya klorini. Isiposhuka hatupeleki, kwa sababu klorini ni kidogo na boti ni chache. Mimi, Bushira, binti wa mji huu wa Baraka, mwenye cheti cha Uvira na mdomo usiopumzika, ndiye fundi wa visanduku hivyo. Visanduku vimeshafika. Bado hatujaamua vitazungumza nasi kwa njia gani.

Tangi la tano liko Musonga, Ubwari. Yaya Hawa, dada yangu mkubwa, anakunywa maji ya tangi hilo. Ana miaka thelathini na minane. Ameolewa na Nuhu mwenye boti mwaka wa kumi na mbili sasa, na hii ndiyo mimba yake ya kwanza, miezi sita na nusu. Mwaka jana mvua zilipoanza, kipindupindu kilipita Musonga kikaondoka na watu tisa.

Jumatano, 2 Oktoba

Siku nzima mezani na chef Raphaël, mkubwa wetu wa kazi. Ni mtu mwema wa Nundu, na duniani anaogopa kitu kimoja tu, kuisha kwa mega za intaneti. Ubwari ina mnara mmoja wenye mtandao wa zamani, ule ambao picha moja ukiituma unaweza kuweka maharage jikoni ukayakuta yameiva kabla haijafika. Ndani ya kijitundu hicho lazima tupitishe habari za matangi matatu.

Njia ya kwanza ni ile ya kurasa za intaneti, ambayo kila mtu anaijua. Inasalimu mno. Iko kama shangazi yangu: kabla ya kukuambia nyumba inaungua atauliza watoto wameamkaje. Mtandao wa Ubwari hukatika salamu zikiwa bado zinaendelea, na habari yenyewe inabaki kooni.

Ya pili inaitwa CoAP. Hiyo haisalimu kabisa, inatupa kijikaratasi na kuondoka. Ni nyepesi, naipenda. Lakini kijikaratasi kikianguka njiani hujui mpaka udai jibu, na nilipojaribu, majibu mengi hayakurudi.

Ya tatu ni MQTT, na mimi naiita posta. Katikati kuna kompyuta moja, iko Uvira, inapokea ujumbe wa kila kisanduku. Kisanduku kinasalimu mara moja, kisha mlango unabaki wazi. Uzuri wake ni kwamba posta inaweza kuhifadhi ujumbe wa mwisho wa kila tangi: ukifungua simu saa yoyote, unaukuta unakungoja, hata kama kisanduku chenyewe kimelala.

"Iyi ya posta njo muzuri," Raphaël alisema. "Lakini isikuwe inasema-sema kila dakika, itatumalizia mega. Iseme tu kama kitu imebadilika."

"Na kama haisemi, chef?"

"Kama haisemi, ni kusema iko sawa. Bushira, mu bureau iyi we peke njo unaogopaka kimya."

Watu wote walicheka. Mimi nilicheka wa mwisho.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimeamua. Posta, na ujumbe uende pale tu namba inapobadilika. Nimeupunguza ujumbe kama mtu anayefunga mzigo wa kubeba kichwani: jina la tangi, namba ya klorini, basi. Tarehe na saa nimezitoa. Mtu anayeangalia simu anataka kujua maji yakoje, saa anaijua mwenyewe. Namba ikiwa nzuri skrini ni ya kijani, ikiwa mbaya ni nyekundu.

Kuna kitu kimoja kimenisumbua tangu jana. Posta ina jambo linaloitwa wasia. Kisanduku kinapoingia kinaiachia posta maneno: nikipotea ghafla bila kuaga, waambie watu hivi. Nililijaribu kwa visanduku viwili vilivyokwisha kufungwa Ubwari, na kwa siku moja tu wasia ulilia mara ishirini na tatu, kwa kuwa mtandao wa kule hukatika kila wingu likipita. Simu ya Raphaël ililia katikati ya misa ya jioni. Alinipigia akiwa nje ya kanisa na sauti yake haikuwa ya mtu aliyetoka kusali.

Nimezima wasia. Ninaandika hapa kwamba sikufurahi kuuzima.

Jumatano, 9 Oktoba. Musonga

Nimevuka na boti ya Nuhu ili nifunge kisanduku cha tano kwa mikono yangu. Mlinzi wa tangi hapa ni Papa Norbert, mkulima wa muhogo. Ni mrefu, amevaa kofia ya sufu kwenye jua hili, na kila habari anaianzia mbali. Nilimuuliza funguo ya uzio iko wapi, akaanza na mwaka uzio ulipojengwa. Simu yake imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Nilijiambia, haya, maji ya yaya yangu yako mikononi mwa huyu.

Bamama waliokuwa kwenye foleni walinizunguka. "Mayi yenu inanuka dawa," mmoja alisema. "Hata chai inanuka. Bwana yangu anasema anakunywa hôpitali." Niliwaeleza kwamba harufu hiyo ndiyo ulinzi wenyewe. Walinitazama kwa upole, jinsi watu wanavyomtazama fundi aliyetoka mjini.

Norbert nilimfundisha mambo mawili. La kwanza ni sheria ya Raphaël: mlinzi asifunge robinet, bomba la kutekea, bila ofisi kusema, kwa sababu robinet ikifungwa watu wanashuka kuteka ziwani, na ziwa ni baya zaidi. La pili ni la kwangu.

"Papa, mashini itasema yenyewe. Kukiwa shida, bureau itakuita. Bureau isipokuita, iko sawa."

Alifikiri. "Na mashini yenyewe ikigonjwa?"

"Ikigonjwa tutaona."

"Mutaona na nini?"

"Tutaona tu, papa," nilisema, na nikaanza kukusanya vyombo vyangu. Nilikuwa na njaa, na swali lake lilinikera kwa sababu lilikuwa langu.

Yaya Hawa alinipikia ndakala, dagaa wa ziwa letu, na ugali wa muhogo. Miguu imemvimba, tumbo limetangulia mbele kama kitambi cha askari wa trafiki, na anacheka ovyo ovyo, yeye ambaye kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiingia chumbani watu wanapoleta watoto wachanga. Alinishika mkono akauweka tumboni. Kitu kilinipiga teke.

"Umusalimie mama mudogo yako," aliliambia tumbo. "Njo analindaka mayi yako na telefone." Kisha aliniuliza bila kucheka, "Sasa mi nikunywe bila kuchemsha? Kuni iko mbali, na mugongo inaniuma."

"Kunywa, yaya. Mi njo nakuambia."

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimerudi. Zote sita kijani.

Jumapili, 13 Oktoba

Mvua. Zote kijani. Nimeangalia simu mara arobaini, Mama amehesabu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mboko ilishuka hadi 0,2 saa nne asubuhi. Skrini ikawa nyekundu, tukapeleka dumu kwa pikipiki, na saa tisa ilikuwa imepanda 0,5. Inafanya kazi! Raphaël alitununulia Fanta ofisi nzima na kunyanyua chupa yake kwa jina langu. Nimekula kucha mbili tu leo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua kubwa na radi mchana. Mtandao ulikufa saa nzima. Ulirudi, nikafungua simu, zote sita kijani. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani akauliza kuna nini.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimetambua jambo: tangi la tano ndilo tulivu kuliko yote. Mengine yanapanda na kushuka, 0,4, 0,6, 0,3, yananipa homa. Musonga linasimama 0,5 na halitikisiki. Nilimwonea Papa Norbert. Maneno ni mengi lakini mkono wake hautetemeki, na Mungu amemweka pale pale ninapomhitaji.

Jumapili, 20 Oktoba

Namba nisiyoijua imenibipa alfajiri, mara mbili. Inaita kidogo tu kisha inakatwa, ili nipige mimi na unité zangu, salio la simu, ziishe. Jumapili!

Jumatatu, 21 Oktoba

Namba ile tena. Nilipiga. Upepo mwingi, sauti ya mwanamume ikisema allô, allô, halafu ikakatika. Namjua. Ni yule bwana wa bandarini aliyeomba namba yangu siku ile nashuka kwenye boti, nami kwa ujinga nikampa.

Jumanne, 22 Oktoba

Mara tatu kabla ya chai. Nimeifungia namba hiyo isinifikie tena. Sasa nitalala kama watu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Ziwa limechafuka, boti hazivuki. Tano: 0,5.

Ijumaa, 25 Oktoba

Yaya Hawa alipanda kilimani kwenye mtandao, na tumbo lile, ili anisalimie. Nilimgombeza. Alisema mtoto anacheza usiku na mchana, Nuhu ametengeneza kitanda, bawifi wameanza kugombana juu ya jina.

"Na mayi?" niliuliza. Siku hizi ndilo swali langu kwa kila mtu.

"Mayi ya siku izi iko tamu, Bushira. Haina arufu hata kidogo. Bamama bote banafurahi."

Nilikumbuka kwamba harufu ndiyo ulinzi. Nilifungua skrini nikiwa bado naongea naye. Tano, kijani, 0,5. Nikapumua.

"Norbert ameshajua kipimo," nilimwambia. "Kunywa bila wasiwasi."

"Kama ni we unasema," alisema.

Jumapili, 27 Oktoba

Zote kijani. Mvua.

Jumatatu, 28 Oktoba

Naandika nikiwa nimeketi sakafuni mwa ofisi.

Asubuhi Mama alikuwa hajagusa chai yake. Ziwa lilitulia jana, na mdogo wetu Juma aliondoka na boti ya kwanza kwenda Mboko. Mama alikaa na simu mapajani.

"Hajabipa," alisema.

Nilimwambia kwamba Juma kama angepata shida tungesikia. Mama alinitazama kana kwamba nimetukana.

"Tungesikia na nani? Muntu akifika anabipa. Asipobipa, hajafika. Ni leo unajua ile?"

Ni desturi ya hapa tangu simu zilipokuja, na kabla ya simu watu walituma salamu kwa boti inayorudi. Nimeishi nayo maisha yangu yote. Hakuna mtu wa ziwa hili anayehesabu kimya kuwa salama. Sisi tu, mimi na Raphaël na cheti changu, ndio tuliokaa mezani tukaamua hivyo. Niliweka kikombe chini nikatoka bila viatu vya mvua.

Skrini yangu haina saa kwa sababu saa niliitoa mimi. Ilinibidi niingie ndani ya posta yenyewe, kwenye kumbukumbu ambazo hakuna mtu anayezisoma, nitafute lini kila tangi lilisema mara ya mwisho. Nundu: leo. Nundu la pili: leo. Mboko: leo. Nne: jana jioni. Sita: leo. Tano: Alhamisi, 17 Oktoba, saa nane na dakika hamsini na moja mchana.

Nilisoma mara tatu. Siku ya radi. Kwa siku kumi na moja posta ilikuwa inanionyesha maneno ya mwisho ya kisanduku kilichokufa, na mimi nilikuwa ninayasifu kwa utulivu wake. Na kwa sababu ilikuwa kijani, hatukupeleka Musonga hata dumu moja la klorini.

Nilimpigia Norbert. Namba haipatikani. Nilimpigia yaya. Haipatikani. Nilimpigia Nuhu na akaitika, na nyuma yake kulikuwa na mlio wa mota.

"Nuhu, musikunywe mayi ya—"

"Tuko mu boti, Bushira," alisema. "Yaya yako anaharisha tangu jana jioni. Anaharisha kama mayi ya muchele. Mutungojee ku bandari."

Jumanne, 29 Oktoba

Hema za kipindupindu. Wamekuja kumi na wanne kutoka Musonga. Yaya ana mpira wa serum, maji ya dripu, kila mkono. Macho yameingia ndani, ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua siku nzima. Hatapiki tena tangu saa sita. Mkunga, Mama Dorothée, anaweka chombo chake tumboni kila saa, anafumba macho, anasikiliza moyo wa mtoto. Kila mara nasimama nje ya hema nikimtazama uso. Kila mara anafungua macho na kuniitikia kwa kichwa: upo.

Saa saba: upo. Saa nane: upo. Saa tisa: upo. Saa kumi alichelewa kufungua macho, lakini upo.

Jumatano, 30 Oktoba

Saa tatu asubuhi Mama Dorothée alisikiliza, akahamisha chombo, akasikiliza, akahamisha tena. Hakunitazama.

Alhamisi, 31 Oktoba

Msichana. Nuhu alimbeba mwenyewe mpaka makaburini, hakutaka mtu amsaidie. Yaya atapona, wanasema. Hakulia. Aliuliza tu kama mtoto alikuwa na nywele, na Mama akamwambia ndiyo, nyingi.

Jumamosi, 2 Novemba. Musonga

Nilivuka na madumu manne ya klorini na kisanduku kipya. Cha zamani nilikifungua: maji yaliingia kupitia tundu la waya, tundu nililoliziba mimi. Papa Norbert alisimama pembeni na kofia yake mkononi. Safari hii nilimwacha aanzie mbali anavyotaka, na nilisikiliza kila neno.

Radi ilipiga, taa ya kisanduku ikazima. Kesho yake simu yake ilianguka ndani ya tangi alipokuwa akimulika kisanduku aone kama maji yameingia. Klorini ilikuwa imebaki robo dumu. Kuandika ujumbe hajui. Namba yangu ilikuwa imeandikwa kwa kalamu kwenye mlango wa uzio, basi alichukua simu ya mkewe, Anastasie, na kila alfajiri alipanda kilimani.

"Nilikuwa nakubipa, mama Bushira. Kila siku. Mi nasema, akiona atanipigia. Siku moja ulipiga kabisa! Nikasema allô, allô, ikakatika." Alitikisa kichwa. "Na klore nilikuwa natia kidogo-kidogo, ibakie. Siku ya Ijumaa ikaisha kabisa. Kufunga robinet mulinikataza."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya kisanduku. 

"Usijisumbue sana," alisema Papa Norbert. Alikuwa ananifariji, mimi, kwa kuulaumu mtandao! "Ni réseau. Réseau ya uku haina huruma."

Na mimi nikasema, "Ndiyo, papa. Réseau."

Jumanne, 5 Novemba

Raphaël ameandika ripoti. Sababu: kasoro ya mtandao. Wagonjwa: kumi na wanne. Waliopona: kumi na wanne. Msichana wa yaya hayumo, maana hakuandikwa kwenye orodha ya hema. Nilimwonyesha. Alisoma tena, akavua miwani. Kisha aliongeza mstari kwa mkono wake.

Sababu hakuibadilisha, na sikumwambia aibadilishe. Mama anasema réseau. Nuhu anasema réseau. Bandarini watu wasionijua wananiambia pole, hii réseau itatumaliza. Hapa kwetu réseau inabeba makosa ya watu wote na haijawahi kukataa, nami nimeipa langu.

Nimebomoa kazi yangu na kuijenga upya. Posta nimebaki nayo, lakini kila kisanduku kitasema kila baada ya saa sita, hata kama hakuna jipya, na kitasema pamoja na tarehe na saa. Wasia nimeuwasha, ila nimeuambia usubiri nusu saa kabla ya kulia. Na skrini ina rangi ya tatu, ya majivu. Ujumbe ukichelewa, kijani inafutika na panatokea neno moja: Sijui.

"Sijui?" Raphaël aliuliza. "Batu batasema nini? Fundi anaandika Sijui?"

"Njo kweli, chef. Na mlinzi akiona Sijui, afunge robinet, halafu atupigie."

Nilidhani ataniambia habari za mega. Alisema tu, "Weka."

Ijumaa, 8 Novemba

Matangi yote matatu ya Ubwari: Sijui, tangu saa kumi na mbili hadi saa nne na nusu. Nilimpigia Norbert mara sita. Ilikuwa wingu tu. Kucha sina tena.

Jumanne, 12 Novemba

Yaya yuko kwa Mama, anapata nguvu. Leo nilikaa naye uani nikimsuka nywele, nikasema, yaya, kuna kitu. Akasema nini? Nikasema kichana kimevunjika jino.

Jumapili, 17 Novemba

Mama alikuwa jikoni, Nuhu amevuka. Mvua ilinyesha taratibu. Yaya Hawa aliketi kwenye mkeka barazani, miguu imenyooka, miembamba sasa. Jirani mmoja alipita na mwamvuli akasimama kutupa pole, na akalisema lile neno, réseau. Yaya akaitika, ndiyo, réseau. Alipoondoka, nilisema upesi, kabla ya kuogopa.

"Haikuwa réseau, yaya. Norbert alikuwa ananibipa na telefone ya muke yake. Mi sikujua namba. Nilifikiri ni muntu wa kunisumbua. Nilimubloka."

Hakugeuka. Aliendelea kutazama mvua. Nilidhani hakunisikia, nikaanza tena, akanyoosha mkono.

"Niangalishe."

Nilifungua simu. Simu haisahau, hata wale uliowafungia inawaandika. Mara kumi na tatu, kila moja na siku yake na saa yake. Yaya alizisoma kutoka juu kwa kidole, midomo ikienda, bila kuruka hata moja. Nilikuwa tayari kwa lolote. Anipige, anifukuze, asiniite mdogo wake tena.

Kidole kilisimama kwenye ya mwisho. "Jumamosi," alisoma. "Six heures dix."

"Ndiyo. Saa kumi na mbili na dakika kumi, alfajiri."

"Nilikuwa pale."

Sikuelewa.

"Nilikuwa ku robinet na bidon yangu. Norbert alishuka ku kilima, telefone ku mukono. Alituambia, bamama, musiteke leo, klore imeisha, nangoja bureau. Tulikuwa batu munane. Bote balitua bidon chini." Alinirudishia simu bila kunitazama. "Mi njo nilimwambia aache woga. Nilimwambia, Bushira ni mudogo yangu wa tumbo moja, jana tu aliniambia nikunywe bila wasiwasi. Bote balisikia. Norbert hakupanda tena ku kilima. Na mi njo niliteka wa kwanza."

Niliizima simu nikaisukuma chini ya mkeka. 

"Kila muntu akisema réseau, na mi naitika," alisema. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu hemani, yaya wangu alilia, kwa sauti, mpaka Mama akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi. Nilisogea kwenye mkeka nikamshika, na hakuniondoa mkono.